Nani Aandikaye Chini ya Picha? Historia ya Ubadilishanaji wa Picha katika Ufundishaji wa Lugha

Utangulizi

Picha imekuwa chombo cha mwalimu wa lugha kwa zaidi ya karne tatu na nusu. Kwa muda huo wote imedhaniwa kwamba nguvu yake inatokana na kule kutohitaji lugha: mwanafunzi akionyeshwa ng'ombe atamtambua kabla ya kulijua jina lake, na jina likitajwa litashikamana na kile ambacho macho yamekwisha kukipokea. Dhana hii haina ubaya, ila ni nusu ya ukweli. Picha haiingii darasani peke yake. Huingia pamoja na maneno yaliyoandikwa chini yake, kando yake au nyuma yake, na maneno hayo yameandikwa na mtu fulani, kwa lugha fulani, kwa kusudi fulani.

Makala haya yanachunguza historia ya uhusiano huo tangu kitabu cha picha cha karne ya 17 hadi hifadhi za picha za intaneti zilizoanza kutumiwa na walimu wa lugha baada ya mwaka 2004. Hoja yetu ni kwamba katika kila hatua ya historia hii, suala lililoamua picha itafundisha nini lilikuwa ni nani aliyepewa nafasi ya kuiandikia. Kwa mwalimu wa Kiswahili suala hili si la kinadharia tu, kwa sababu picha nyingi za ulimwengu wa Waswahili zinazopatikana kwa urahisi zimeandikiwa kwa lugha nyingine, na uandishi huo una athari katika sarufi na msamiati anaoupata mwanafunzi.

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Kwa "maelezo ya picha" tunakusudia sentensi au kifungu kinachoambatana na picha ili kuifafanua. Kwa "lebo" tunakusudia neno moja moja linalobandikwa kwenye picha iliyohifadhiwa katika tarakilishi ili picha hiyo iweze kutafutwa na kupangwa pamoja na nyingine. Tofauti baina ya sentensi na neno moja, kama tutakavyoona, ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Picha na jina kabla ya tarakilishi

Mnamo mwaka 1658 Jan Amos Komenský, ambaye wengi wanamfahamu kwa jina lake la Kilatini la Comenius, alichapisha mjini Nuremberg kitabu kiitwacho Orbis Sensualium Pictus. Kilikuwa na sura zipatazo 150, na karibu kila sura ilitanguliwa na picha iliyochongwa kwenye ubao. Ndani ya picha mlikuwa na nambari ndogo ndogo, na chini yake matini katika safu mbili, ya Kilatini na ya Kijerumani, yenye nambari zile zile. Mtoto aliposoma neno lenye nambari 4 alilitafuta 4 katika picha, akakiona kitu chenyewe.

Mambo mawili katika kitabu hicho yana umuhimu kwetu. Kwanza, Comenius hakubandika majina matupu. Aliyaweka majina ndani ya sentensi, hivi kwamba mwanafunzi alikutana na kitu kikiwa kinafanya au kinafanyiwa jambo. Pili, picha zilibaki huku lugha zikibadilika. Mwaka 1659 Charles Hoole alitoa toleo la Kiingereza, na mwaka 1666 likatoka toleo la lugha nne. Picha zilizobuniwa kwa ajili ya Mjerumani zilimfundisha Mwingereza bila taabu, ilimradi maneno yamebadilishwa. Kwa hiyo tangu mwanzo ilidhihirika kwamba neno si mali ya asili ya picha. Linaletwa na yule aliye na uwezo wa kuchapisha.

Karne mbili baadaye, wafuasi wa mbinu ya moja kwa moja, ambayo shule za Berlitz zilizoanzishwa Marekani mwaka 1878 ziliieneza sana, walisisitiza kwamba lugha ya kwanza ya mwanafunzi isitumike darasani. Picha ikapewa kazi ambayo hapo awali ilikuwa ya tafsiri. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Hölzel ya Vienna ilitoa picha kubwa za ukutani zilizoonyesha majira manne ya mwaka, na picha hizo zikasambaa katika madarasa ya Ulaya. Mwanafunzi aliambiwa aeleze anachokiona. Hata hivyo, alichokiona kilikuwa tayari kimechaguliwa: shamba la Ulaya, nyumba ya Ulaya, theluji ya Ulaya. Mtu asiyekuwa na msimu wa theluji hakuwa na la kueleza mpaka akopeshwe kwanza ulimwengu ambao neno hilo lilizaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wataalamu wa CREDIF huko Saint-Cloud, Ufaransa, waliliendeleza wazo hili katika kozi ya Voix et Images de France, ambamo picha za filamu za slaidi zilikwenda sambamba na sauti iliyorekodiwa. Hapa sentensi ilirudi, lakini ilikuwa sentensi ya mtunzi wa kozi. Mwanafunzi aliirudia.

Ni katika kipindi hicho hicho ambapo uhakiki wa Ufaransa ulilitolea suala hili nadharia. Katika makala yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, Roland Barthes alieleza kwamba picha ina maana nyingi zinazoelea, na kwamba kazi mojawapo ya maneno yanayoambatana nayo ni kuitia nanga. Istilahi hii inafaa sana kwa msomaji wa pwani yetu. Nanga huzuia chombo kisichukuliwe na mkondo, lakini pia humwamulia nahodha pa kukaa. Barthes alikuwa akizungumzia tangazo la biashara, si somo la lugha. Hata hivyo, hakuna mahali ambapo nanga hiyo huzama zaidi kuliko darasani, kwa sababu mwanafunzi anayejifunza lugha hana neno jingine la kulinganisha na lile alilopewa.

Picha za Afrika Mashariki na maneno ya wengine

Katika Afrika Mashariki kamera ilifika mapema. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes, na baadaye studio hiyo na nyinginezo zilitoa kadi za posta zilizosafiri hadi Ulaya na India. Kadi ya posta tunaweza kuiita njia ya mwanzo ya umma kubadilishana picha: mtu mmoja alipiga, mwingine akachapisha, wa tatu akanunua na kuongeza maneno yake, na wa nne akapokea. Katika mzunguko huo mrefu, mtu aliyepigwa picha hakuwa na zamu ya kuandika. Maelezo yaliyochapishwa kwenye kadi nyingi yalitaja aina ya mtu badala ya mtu mwenyewe: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, mwenyeji. Jina halisi halikuwamo, na lugha ya maelezo ilikuwa Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa.

Haifai kudhani kwamba watu wa pwani walikuwa watazamwaji tu. Utafiti wa Heike Behrend (2013) kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki umeonyesha jinsi wateja na wapigapicha wa Mombasa na Lamu walivyoitumia studio kwa ajili ya kujipamba, kujificha na kujieleza, na Omar Said Bakor wa Lamu alisifika kwa picha zake za kuunganisha sura na vitu. Lakini picha hizo zilibaki katika kuta na albamu za nyumbani. Zile zilizosafiri, na ambazo leo zimo katika maktaba kubwa za dunia, zilisafiri na maneno ya wengine.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa mkusanyaji mkubwa wa picha. Mwaka 1869 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Earl Granville, aliwaandikia magavana akiwataka wapeleke London picha za majengo, mandhari na watu wa makoloni yao. Zoezi hilo lilizaa mkusanyo uliozidi kukua kwa karibu karne nzima. Picha nyingi zilipelekwa na maelezo ya afisa.

Mfano unaobainisha zaidi utengano wa picha na lugha ni ule wa filamu za elimu za Bantu Educational Kinema Experiment, mradi ulioendeshwa kati ya mwaka 1935 na 1937 kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mradi huo, uliofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Shirika la Carnegie la Marekani, ulitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzionyesha katika maeneo mbalimbali ya Afrika Mashariki na Kati. Sauti ilirekodiwa kando, katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za eneo hilo. Picha ilikuwa moja, santuri zikabadilishwa kulingana na watazamaji. Kiswahili hapa kilipewa nafasi ya kusikika, ila kilisikika kikisema yaliyokwisha kuamuliwa na waandaaji. Kuwapo kwa lugha chini ya picha, basi, hakutoshi. Tunapaswa pia kuuliza ni nani aliyeitunga sentensi.

Flickr na walimu wa lugha

Mwezi Februari mwaka 2004 kampuni ndogo ya Ludicorp ya Vancouver, Kanada, ilizindua huduma ya Flickr, ambayo ilichipuka kutoka katika mradi wa mchezo wa tarakilishi. Mwaka 2005 ilinunuliwa na Yahoo. Upya wake haukuwa katika kuhifadhi picha, jambo ambalo huduma nyingine zilikuwa zikilifanya, bali katika kuifanya picha iwe wazi kwa umma na kuufanya umma uiandikie. Mwenye picha aliweza kubandika lebo, na kuwaruhusu wengine wabandike zao. Waliweza kuandika maoni chini ya picha. Na katika miaka yake ya mwanzo, mtu aliweza kuchora kisanduku juu ya sehemu ya picha na kukiandikia maneno yanayojitokeza kishale kinapopita juu yake.

Msomaji ataona mara moja kwamba kisanduku hicho ni nambari ya Comenius iliyorudi. Sehemu ya picha imeunganishwa tena na neno. Tofauti ni kwamba sasa mwanafunzi mwenyewe aliweza kukichora. Mwalimu wa lugha aliyempa mwanafunzi kazi ya kupiga picha jiko la kwao, kulipakia, kuviandikia vyombo majina, kisha kuandika aya moja kuhusu picha hiyo, alikuwa amemhamisha mwanafunzi kutoka nafasi ya mtazamaji hadi nafasi ya mwandishi. Maoni ya wanafunzi wengine yaliifanya aya hiyo isomwe na watu zaidi ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

Katika Flickr lilikuwamo pia kundi la watu waliosimulia hadithi kwa picha tano tu, bila maneno isipokuwa anwani, na kuwaachia watazamaji waiseme hadithi hiyo katika maoni yao. Kwa mwalimu wa fasihi zoezi hili lina thamani ya pekee. Picha tano zinatoa msuko, lakini hazitoi msimulizi. Mwanafunzi analazimika kuamua nani anasimulia, kwa nafsi ipi, kwa wakati upi, na kipi kinyamaziwe. Hayo ndiyo masuala tunayoyafundisha katika uhakiki wa riwaya.

Jambo la tatu lililowavuta walimu lilikuwa la kisheria. Shirika la Creative Commons lilitoa leseni zake za kwanza mwezi Desemba mwaka 2002, na tangu mwaka 2004 mtumiaji wa Flickr aliweza kuiwekea picha yake leseni ya aina hiyo, ya kuruhusu wengine waitumie kwa masharti aliyoyataja. Mwalimu aliyekuwa akikata picha katika magazeti, pasipo kujua haki zake, alipata sasa hazina halali. Mwezi Oktoba mwaka 2010 walimu wa Kiingereza kutoka nchi mbalimbali walianza mradi wa ELTpics, ambamo walipiga picha wenyewe kulingana na mada, wakazituma kwa kupitia Twitter, na zikapangwa katika Flickr kwa ajili ya walimu wote chini ya leseni isiyoruhusu biashara. Mradi huo haukuwa na mchapishaji. Ulikuwa ni walimu wakitengenezeana nyenzo.

Kiswahili kilikuwa wapi katika miaka hiyo? Mwaka 2007 Flickr ilipoongeza lugha saba za kuitumia, zikiwamo Kifaransa, Kijerumani na Kikorea, Kiswahili hakikuwamo. Sababu nyingine ilikuwa ya miundombinu. Kebo ya SEACOM, iliyotia nanga Mombasa, ilianza kufanya kazi mwezi Julai mwaka 2009, na ile ya TEAMS ikafuata mwaka huo huo. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, yenye gharama kubwa na kasi ndogo, na kupakia picha moja kulihitaji subira na fedha. Hivyo miaka mitano ambamo desturi za kuandikia picha katika intaneti ziliundwa ilikuwa miaka ambayo wengi wa wasemaji wa Kiswahili hawakuwa na njia ya kushiriki. Njia ilipofunguka, simu ya mkononi iliwapeleka watumiaji wengi katika makundi ya WhatsApp, ambamo picha hubadilishwa kwa wingi lakini haziwekewi lebo wala hazipatikani na mtu aliye nje ya kundi. Kiswahili kingi kimeandikwa chini ya picha humo, lakini si mahali ambapo mwalimu wa mbali anaweza kukifikia.

Picha za zamani na umma mpya

Mwezi Januari mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka katika Flickr takriban picha 3,000 za kihistoria na kuuomba umma uziandikie. Kufikia mwezi Oktoba mwaka huo, umma ulikuwa umebandika zaidi ya lebo 67,000, na kumbukumbu zaidi ya 500 za maktaba hiyo zilikuwa zimeboreshwa kutokana na taarifa za wasomaji. Wajukuu waliwatambua babu zao, na wakazi wakaitambua mitaa.

Mwezi Februari mwaka 2011 Hifadhi ya Taifa ya Uingereza ilifanya vivyo hivyo kwa mkusanyo wa picha za makoloni tuliokwisha kuutaja. Maelfu ya picha za Afrika, baadhi za tangu miaka ya 1860, ziliwekwa katika Flickr kwa jina la Africa Through a Lens, na umma ukaalikwa kutoa maoni na kusahihisha. Kwa mara ya kwanza, maelezo ya afisa yaliwekwa mahali ambapo mjukuu wa aliyepigwa picha angeweza kuyajibu chini yake.

Thamani ya tukio hilo kwa darasa la Kiswahili ni kubwa, na haijatumiwa ipasavyo. Mwanafunzi wa chuo kikuu akipewa picha ya mwaka 1900 hivi pamoja na maelezo yake ya Kiingereza, kazi ya kwanza inayojitokeza ni tafsiri. Lakini kazi yenye faida zaidi ni kuyahakiki maelezo hayo kama matini: yanasema nini, yananyamazia nini, yanamwita nani kwa jina na nani kwa aina. Kisha mwanafunzi aandike maelezo ya Kiswahili yanayotokana na ushahidi wa picha yenyewe na wa wazee wa mahali hapo. Somo la lugha, somo la historia na somo la uhakiki yanakuwa kitu kimoja.

Sarufi ya lebo na sarufi ya Kiswahili

Huenda mtu akapinga kwamba lebo ya Kiingereza haimzuii mwalimu kuitumia picha kwa Kiswahili. Aichukue picha, aiache lebo. Jibu letu ni kwamba picha hutafutwa kwa maneno, na mtafutaji hupata kile tu ambacho mtu amekipa jina. Picha ya dafu na picha ya nazi zikibandikwa neno moja la Kiingereza, zote mbili zitaitwa kitu kimoja. Mpwani ana kitale, dafu, koroma na nazi, na kila kimoja kina matumizi yake. Vivyo hivyo mpunga shambani, mchele guniani na wali sahanini hukusanywa chini ya lebo moja. Pakacha, kikapu na tenga hukutana katika neno moja. Mwalimu anayetafuta picha kwa Kiingereza ataandaa somo lenye mipaka ya Kiingereza, hata kama kila neno atakalolitamka darasani ni la Kiswahili.

Athari ya pili ni ya nyakati na hali. Picha tuli hunasa hali iliyokwisha kufikiwa. Kiswahili huieleza hali hiyo kwa kiambishi -me-: mwanamke amevaa kanga, mzee ameketi barazani, mtoto amelala, mchukuzi amebeba gunia. Kiingereza hueleza picha hizo hizo kwa umbo la tendo linaloendelea. Mwanafunzi mgeni anayeanzia kwenye maelezo ya Kiingereza huandika "mwanamke anavaa kanga," na kumbe amesema kwamba mwanamke huyo yumo katika kuivaa wakati huo, huandika "mzee anasimama" akikusudia "mzee amesimama." Kosa hili huonekana dogo, lakini hugusa kiini cha mfumo wa vitenzi. Ajabu ni kwamba picha hiyo hiyo, ikiandikiwa Kiswahili tangu mwanzo, ndiyo nyenzo bora ya kufundishia -me-, kwani mwanafunzi anaiona hali na tokeo lake bila kuhitaji maelezo ya kinadharia.

Tatu, lebo ni nomino tupu, na nomino tupu ya Kiswahili haijitoshelezi. Lebo "ndege" itaweka pamoja kiumbe mwenye mabawa na chombo cha kuruka. Lebo "mbuzi" itaweka pamoja mnyama na kifaa cha kukunia nazi. Kinachotenganisha ni upatanisho wa kisarufi: mbuzi huyu ameshiba, mbuzi hii imevunjika. Hivyo ngeli haionekani katika lebo, inaonekana katika sentensi. Comenius, aliyeyaweka majina ndani ya sentensi, alikuwa karibu zaidi na mahitaji ya Kiswahili kuliko mfumo wa lebo wa karne ya 21.

Nne, kuna suala la mtazamo. Picha ya watu wawili na kibanda sokoni inaweza kusemwa kwa njia nyingi: mama anauza, mama anamwuzia kijana, kijana anauziwa, kijana ananunua. Kila mnyambuliko unamweka mtu tofauti katika nafasi ya mbele. Lebo isemayo "soko" inawafuta wote wawili. Hapa ufundishaji wa sarufi unakutana na uhakiki wa fasihi, kwa kuwa uteuzi wa kauli ya kitenzi ni uteuzi wa nafasi ya msimulizi.

Mfano wa kanga unajumlisha hayo yote. Kanga ni picha inayojiandikia. Ina mji, ina pindo, na ina jina lililochapishwa kwa Kiswahili. Picha ya mwanamke aliyevaa kanga ikiwekewa lebo ya "vazi la Kiafrika," maneno aliyoyachagua mvaaji yamefunikwa na maneno ya mtu ambaye pengine hakuweza kuyasoma. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani, na msemo huo wenyewe umo katika majina ya kanga. Mwalimu anapaswa kuanza na jina hilo lililoko ndani ya picha kabla ya lile lililobandikwa nje.

Hifadhi iliyo mikononi mwa wengine

Historia ya huduma hizi inatoa pia onyo. Huduma ya Yahoo Photos ilifungwa mwaka 2007, na Picasa ya Google mwaka 2016. Mwezi Aprili mwaka 2018 Flickr iliuzwa kwa kampuni ya SmugMug, na mwezi Novemba mwaka huo ikatangazwa kwamba watumiaji wasiolipa, ambao tangu mwaka 2013 walikuwa na nafasi ya terabaiti moja, hawangeruhusiwa kuzidisha picha 1,000. Picha zilizokwisha kuwekewa leseni za Creative Commons ziliepushwa na ufutaji, na mwaka 2022 ukaanzishwa wakfu wa kutunza mikusanyo ya kihistoria. Hata hivyo, walimu waliokuwa wamejenga masomo juu ya jukwaa hilo waligundua kwamba walijenga katika kiwanja cha kupanga. Kazi ya wanafunzi isiyokuwa na nakala nyingine haina uhakika wa kudumu.

Suala jingine ni la mtu aliye ndani ya picha. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Mwanafunzi anayetumwa sokoni na kamera hana budi kufundishwa kwanza sentensi za kuomba ruhusa, na kufundishwa kupokea jibu la kukataa. Tukumbuke wale wa kadi za posta ambao hawakuulizwa. Isitoshe, mtu aliyeombwa ruhusa aweza kuombwa pia aseme picha yake iandikwe nini. Hapo ndipo tofauti baina yetu na mpigapicha wa kadi ya posta itakapoonekana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tangu nambari za Comenius hadi lebo za Flickr, picha katika ufundishaji wa lugha imekuwa uwanja wa kugawana uwezo wa kutaja. Teknolojia ya karne ya 21 ilileta badiliko la kweli: ilimpa mwanafunzi na msomaji nafasi ya kuandika mahali ambapo kwanza aliandika mchapishaji, kisha mtunzi wa kozi, na katika makoloni, afisa wa serikali. Lakini nafasi hiyo ilitumiwa kwanza na wale waliokuwa na lugha iliyokubalika na kebo iliyofika mapema.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa na idara za Kiswahili bila kungojea bajeti mpya. Hifadhi ya Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004 na isiyoendeshwa kwa faida, inaruhusu picha moja kupewa maelezo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Mashindano ya Wiki Loves Africa, yaliyoanza mwaka 2014, yameingiza humo picha nyingi zilizopigwa na Waafrika wenyewe. Darasa moja la shahada ya kwanza linaweza, kwa muhula mmoja, kuziandikia picha mia mbili maelezo ya Kiswahili, kila moja kwa sentensi kamili yenye upatanisho sahihi, na kuzihifadhi nakala idarani. Uzamili unaweza kuzaa tasnifu zinazochunguza maelezo ya picha kama utanzu: historia yake, mtindo wake, na uhusiano wake na majina ya kanga na maandishi ya vyombo na magari. Vyuo vinavyofundisha Kiswahili Ulaya, Marekani na Asia vitapata kutoka huku picha zilizokwisha kusemwa kwa Kiswahili, badala ya kutuletea sisi zilizosemwa kwa Kiingereza tuzitafsiri.

Kazi hiyo ni ya wanalughawiya na wahakiki kwa pamoja. Isipofanywa, mwanafunzi wa Kiswahili wa miaka ijayo ataendelea kuitazama Lamu, Unguja na Mombasa kwa macho yake mwenyewe, huku akizisoma kwa maneno yaliyotangulizwa na mwingine.